Kiongozi alitugeuza siku ya jua, akatupitisha siku ya ukungu. Wanaojua milima ya theluji, nielewesheni

#1 Nuru_Innsbruck
Wakuu, habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni nesi, naishi Innsbruck mwaka wa sita sasa. Skii nilijifunzia kwenye viwanja vyenye lifti, halafu wenzangu wa wodini wakanivuta huku kwingine ambako lifti hakuna. Unapanda mlima kwa nguvu zako, skii zimebandikwa ngozi chini ili zisirudi nyuma. Ukifika juu unabandua ngozi, unateleza kushuka. Aprili mwanzoni nilijiunga na kundi la watu sita na kiongozi mmoja mwenye leseni, siku saba kwenye safu ya Silvretta, mpakani mwa Austria na Uswisi. Nimelipa zaidi ya euro 1,000, akiba ya miezi. Lengo langu lilikuwa moja tu, Piz Buin, mita 3,312.

Ilivyokwenda:

Jumapili tulitoka kijiji cha Galtür (mita 1,584) hadi Jamtalhütte (2,165), nyumba ya kulala wapandaji huko mlimani. Mawingu, theluji nyepesi.
Jumatatu ukungu. Tulifanya mazoezi karibu na nyumba: kutafutana kwa vifaa vya mawimbi (vinaonyesha aliyefukiwa na theluji yuko wapi), kuchimba kwa koleo, kugeuka kwenye mteremko.
Jumanne dhoruba kutoka kaskazini-magharibi. Hatukutoka. Madirisha yalikuwa yanatetemeka usiku kucha, na asubuhi kizingiti kilikuwa kimefukiwa.
Jumatano jua! Anga la bluu kuanzia ukingo hadi ukingo. Tukapanda kama saa mbili na nusu, tukafika chini ya mteremko mmoja unaotazama kusini-mashariki. Kiongozi akachimba shimo, akalitazama, akapiga ukuta wa theluji kwa kiganja. Saa nne na dakika kumi akasema tunarudi. Tukiwa tunabandua ngozi, kundi jingine likatupita, likapanda mteremko uleule, likafika juu, likarudi salama likicheka.
Alhamisi ukungu mzito, ncha za skii zangu sizioni. Yeye akasema twendeni. Tukavuka mto wa barafu wa Jamtal, tukapita Ochsenscharte, pengo kati ya vilele, tukashukia Wiesbadener Hütte, nyumba nyingine ya wapandaji.
Ijumaa ilikuwa siku ya Piz Buin. Akatuamsha saa kumi na nusu alfajiri, akatoka nje, akachomeka fimbo yake kwenye theluji, ikazama mpaka mkononi. Akasema rudini mkalale.
Jumamosi alfajiri nyota zote ziko nje, theluji ngumu kama sakafu ya saruji. Lakini wiki imeisha. Tukateremka hadi ziwa la Bielerhöhe, tukarudi nyumbani.

Sijalala vizuri tangu nirudi. Kwa nini siku ya jua turudi, siku ya ukungu twende? Sitaki lawama kwa mtu, nataka kuelewa.

#2 MzeeWaUpanga
Binti, pole na hongera kwa pamoja. Jibu ni moja: bima. Ulaya kiongozi akipoteza mteja anapandishwa kizimbani. Kurudi hakumgharimu kitu, pesa mlishalipa. Mimi nimefanya kazi na kampuni zao miaka mingi, naijua hofu yao ya mahakama.

#3 Kibo5895
Mzee Upanga shikamoo. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani na wewe.

Mimi napandisha wageni Kilimanjaro mwaka wa kumi na nne. Anga ni kitu cha mwisho ninachokitazama. Natazama watu. Kuna usiku tulitoka Barafu Camp, mita 4,673, mbingu safi kabisa, mwezi unawaka, hata tochi hazikuhitajika. Mgeni mmoja alianza kukosea kufunga zipu ya koti lake. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya tatu nikamgeuza, tukiwa bado chini ya Stella Point, ukingoni mwa kreta. Alilia, akaniita mwoga mbele ya wenzake. Kufika kambini hawezi kusimama. Mtu aliyekuwa mbali angeona nini? Angeona kiongozi anarudisha mgeni chini ya mbalamwezi.

Dada Nuru, niambie. Jumatano mlitoka saa ngapi, na kundi lilikuwa linatembeaje?

#4 FundiSkii_Munich
Wakuu salaam. Natengeneza skii kwenye karakana hapa Munich na milima ya huko naenda kila Machi. Dada, wala usitafute mbali, jibu liko kwenye siku yako ya Jumanne.

Upepo wa kaskazini-magharibi unabeba theluji kutoka upande unaoupiga na kuimwaga upande wa kivuli chake. Kivuli cha upepo huo ni kusini-mashariki. Mteremko wenu unatazama wapi? Kusini-mashariki. Theluji iliyobebwa na upepo inavunjikavunjika, chembe zinashikana, inakuwa bamba. Juu unaona laini na nyeupe, kumbe chini yake kuna tabaka legevu, chembe zimelala kama sukari ya mezani. Ni sawa na ubao ulioulaza juu ya sukari kwenye meza iliyoinama. Unakaa vizuri mpaka mtu aukanyage. Mteremko ukizidi digrii 30 bamba linaweza kukatika, na linakatika juu yako, si chini ya miguu yako.

Siku ya jua baada ya dhoruba ndiyo siku ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu watu wamefungiwa ndani siku nzima, wanatoka na hamu.

#5 Nuru_Innsbruck
Asanteni. @Kibo5895 umegusa penyewe. Tulipanga kutoka saa kumi na mbili na nusu, tukatoka saa moja na nusu zimepita. Ngozi za mwenzetu mmoja zilikataa kushika, gundi ilikuwa imelowa na kuganda, ikabidi azifunge kwa mkanda wa plasta. Na kweli wawili walikuwa nyuma sana, tulikuwa tunawasubiri kila dakika kumi na tano.

Lakini @FundiSkii_Munich naye ananiyumbisha. Upande ule theluji ilikuwa nene kuliko kwingine kote.

#6 MwalimuFizikia
Niko Njombe, theluji sijawahi kuikanyaga, lakini hilo la Ijumaa na Jumamosi nawafundisha watoto wa kidato cha nne kila Juni.

Huku sakitu inapiga mashamba lini? Usiku wa mbingu safi. Wakulima wa chai Mufindi wanajua, mawingu yakitanda usiku wanalala bila wasiwasi. Ardhi inatoa joto lake kwenda juu usiku kucha. Mbingu ikiwa wazi joto linapotea moja kwa moja, ikiwa na mawingu linarudishwa chini kama mtu aliyejifunika blanketi. Theluji ni hivyohivyo. Mchana wa Aprili jua linailowesha, usiku wa nyota unaigandisha ikawa ngumu, unaweza kupita juu yake alfajiri. Usiku wa mawingu haigandi, inabaki uji. Kiongozi alipochomeka fimbo alikuwa anasoma usiku uliopita, wala si hali ya hewa ya asubuhi.

Kwa hiyo Ijumaa nimeielewa. Jumatano na Alhamisi bado.

#7 WaithiraZH
Niaje wadau. Mwalimu umeeleza poa sana, lakini umeacha kitu kinaitwa föhn. Huo ni upepo wa kusini, unatoka Sahara, unavuka Italia, unafika Alps ukiwa bado moto. Huku Zürich ukivuma watu wanaumwa kichwa, theluji inaisha kwa siku mbili. Bila shaka Alhamisi usiku ulikuwa umeanza. Nuru, uliona upepo wenye joto?

#8 Nuru_Innsbruck
Ndiyo! Alhamisi usiku nilitoka nje nikashangaa, upepo mkali lakini hauumi. Hapa Innsbruck föhn tunaujua, hata wagonjwa wanaulalamikia.

#9 MwalimuFizikia
@WaithiraZH marekebisho kidogo, mwanangu. Joto la föhn halitoki Sahara. Hewa ikipanda upande wa kusini wa milima inanyesha mvua na theluji, na wakati wa kunyesha inapoa polepole, kama nusu digrii au zaidi kidogo kwa kila mita 100. Ikishavuka juu imekauka. Ikishuka upande wa kaskazini inapashwa joto kwa kubanwa, digrii 1 kwa kila mita 100. Inapoa kidogo ikipanda, inapata joto zaidi ikishuka. Hesabu yake ndiyo hiyo.

#10 WaithiraZH
Asante Mwalimu, nimekubali kuhusu joto. Lakini vumbi la Sahara ni la kweli, hilo sirudi nyuma. Februari 2021 theluji ya huku iligeuka rangi ya machungwa, niliiona kwa macho yangu na picha ninazo. Vumbi linafunikwa na theluji mpya, linabaki katikati kama mstari. Rangi ya giza inanyonya jua kuliko nyeupe, theluji inayeyuka hapo na kuganda tena, inakuwa gamba, na tabaka legevu linaweza kujijenga jirani yake.

Nuru, kwenye shimo lile la Jumatano, uliona mstari?

#11 Nuru_Innsbruck
Dada Waithira umenisisimua. Niliuona. Kama sentimita hamsini kutoka juu, mstari mwembamba rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni uchafu wa koleo.

#12 FundiSkii_Munich
Haya sasa.

#13 Baharia_Pemba
Assalaam alaykum. Nimesoma kote. Huko theluji sikujui, lakini nimeongoza majahazi na mashua toka kijana, sasa nina miaka 71.

Mara ngapi tumefunga tanga kuondoka Wete, asubuhi tulivu kama maziwa, abiria wamekaa, mimi nasema leo hatwendi. Wakasema nahodha kaona jini. Mawimbi makubwa ya chini yalikuwa yanaingia mkondoni, marefu, bila upepo. Upepo ulioyatengeneza ulikuwa mbali huko, sisi hatuuoni. Na siku nyengine mvua inapiga, hatuoni ncha ya omo, twenda, kwani njia ni ndani ya miamba, maji mafupi, naijua kwa kuhesabu.

Huyo kiongozi wako, bibie, mimi namfahamu japo sijamuona.

#14 MzeeWaUpanga
Ndugu Baharia heshima yako. Lakini hakuna aliyejibu kitu kimoja. Kundi la pili lilipita pale pale, likafika juu, likarudi. Kama mteremko ulikuwa na bamba, sukari, vumbi na kila kitu, mbona wale wazima? Mkinijibu hilo nitaacha hoja ya bima.

#15 FundiSkii_Munich
Nitakujibu kwa yaliyonipata, mzee wangu.

Tulikuwa wanne, hatukuwa na kiongozi. Mteremko wa digrii 35 hivi, upana wa kiwanja cha mpira. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Mimi wa tatu nikapita, nikasimama pembeni nikimtazama wa nne. Alifika katikati, na ufa ukaruka juu yake kwa mstari mmoja kama karatasi inayochanwa. Alifunikwa mpaka kifuani, kichwa kikabaki nje. Tulimtoa kwa koleo, na hata kichwa kikiwa nje ilituchukua muda ambao siwezi kuusahau. Alama za skii zetu watatu zilikuwa bado zinaonekana upande wa juu, zimekatwa katikati.

Bamba halina unene sawa kote. Kuna mahali nene, uzito wako haufiki kwenye tabaka legevu. Kuna mahali jembamba pembeni ya jiwe, ukikanyaga hapo unaamsha kote. Wale wa Jumatano pengine hawakukanyaga penyewe. Kurudi wakicheka hakuthibitishi kwamba mteremko ulikuwa mzuri.

Na bonde hilo lenyewe lina historia. Desemba 28, 1999, kundi kubwa likiwa na viongozi watatu lilipigwa na poromoko la theluji karibu na Jamtalhütte hiyohiyo, watu 9 wakafariki. Viongozi walishtakiwa na mahakama ikawaachia huru.

#16 Mdau_Tabora
Fundi hiyo ya 1999 umeikosea, walikufa zaidi ya 30 na ilikuwa Februari. Niliisikia redioni nikiwa shuleni.

#17 FundiSkii_Munich
@Mdau_Tabora ni matukio mawili, mkuu, mwaka mmoja na eneo moja. Uliyoisikia ni ya kijiji chenyewe. Februari 23, 1999 poromoko lilishuka juu ya nyumba za Galtür, wakafa 31, na kesho yake jirani pale Valzur wakafa 7. Jumla 38. Hao walikuwa ndani ya kijiji. Ya Desemba ilikuwa ya wapandaji, bondeni juu.

#18 Mdau_Tabora
Nimeelewa, asante kwa kunisahihisha. Mungu awarehemu wote.

#19 MzeeWaUpanga
Fundi, nimesoma mara mbili. Pole sana. Umenijibu kuhusu kundi la pili. Lakini umesema mwenyewe kwamba viongozi walishtakiwa. Basi mahakama imo kichwani mwa kila kiongozi wa bonde lile. Hoja yangu imepungua, haijafa.

#20 DkZawadi
Nichangie upande wangu. Sisi wa dharura tunajua namba moja tu kuhusu waliofukiwa: muda. Ukitolewa ndani ya dakika 10, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanapona. Ikifika nusu saa ni kama 3 tu. Zamani tulifundishwa robo saa, takwimu mpya za Uswisi zimeifupisha. Helikopta haifiki ndani ya dakika 10 milimani, hata iwe jirani. Wanaokuokoa ni wenzako waliosimama hapo, wakiwa na kifaa cha mawimbi (vyote duniani vinatumia kilohezi 457), fimbo ndefu ya kuchokonoa na koleo.

Sasa Nuru, wewe umesema wawili walikuwa nyuma sana na wamechoka. Kiongozi akifukiwa yeye, au mmoja wenu, nani angechimba? Theluji iliyoporomoka inakaza kama saruji. Pengine aliwaangalia ninyi sita akahesabu mikono.

#21 Nuru_Innsbruck
Daktari, mazoezi ya Jumatatu mimi nilikipata kifaa kilichofichwa kwa dakika nne. Wengine wawili ilibidi waonyeshwe. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo kabisa.

#22 Bi_Mwanaidi
Samahani natoka nje ya mada. Dada Nuru, ni kweli sisi weusi hatuungui jua kwenye theluji? Mwanangu anaenda Austria masomoni na amekataa kubeba mafuta ya jua.

#23 Nuru_Innsbruck
Bi Mwanaidi, mwambie abebe! Mimi niliungua chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, kwa sababu jua linatoka juu na linarudi kutoka chini. Ngozi yangu ilibabuka wiki nzima. Na miwani ya giza ni lazima kuliko hata mafuta.

#24 DkZawadi
Naunga mkono. Theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, haina kinga kamili. Macho hayana rangi ya kuyakinga, yanaungua sawa kwa watu wote, na maumivu yake yanaanza usiku, kama mchanga machoni.

#25 WaithiraZH
Na mnajua mafuta ya jua ya Piz Buin yametokana na mlima huohuo alioukosa Nuru? Franz Greiter aliungua vibaya alipoupanda mwaka 1938, akaja kutengeneza krimu yake, ikaanza kuuzwa 1946.

#26 Nuru_Innsbruck
Kumbe! Chupa yake ilikuwa mfukoni mwangu wiki nzima. Basi mlima umenifuata nyumbani.

#27 Kip_Eldoret
Kwa vile tumefika huku, msisahau Kenya tuna Philip Boit. Olimpiki ya baridi Nagano 1998, slalomu (kushuka mlima kwa kupinda kati ya nguzo), alimaliza wa mwisho na mshindi akamsubiri.

#28 WaithiraZH
Kip, heshima kwa nduguyo lakini si slalomu, ni kilomita 10 za skii za mbio za tambarare. Alikuwa wa 92. Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu alimsubiri kwenye mstari, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wa kushuka milima ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alibeba bendera yetu Pyeongchang 2018.

#29 Kip_Eldoret
Sawa sawa, nimekubali. Mbio ni mbio hata kwenye theluji.

#30 Kibo5895
Jamani turudi. Jumatano tumeimwagia maelezo, Alhamisi imeachwa peke yake. Mimi ndiyo inayoninyima raha. Ukungu ule, kupita juu ya mto wa barafu wenye nyufa, bila kuona mteremko ulio juu yako. Kwetu ukungu wa msituni si tatizo, njia iko chini ya miguu. Huko njia hakuna. Nisingetoka.

#31 WaithiraZH
Angalia ramani, Kibo. Njia ya kupitia Ochsenscharte sehemu kubwa ni barafu iliyolala, pole, chini ya digrii 30. Kuna kanuni ya Werner Munter, kiongozi wa Uswisi, inafundishwa kote huku. Hatari ya poromoko ikiwa ya kiwango cha 2, kaa chini ya digrii 40. Ikiwa 3, chini ya 35. Ikiwa 4, chini ya 30. Viwango ni 1 mpaka 5. Njia ile unaipita hata kwenye 3. Na ukungu una faida yake, jua halipigi mteremko wa kusini-mashariki, theluji inabaki baridi. Nuru, taarifa ya hatari ilisema ngapi?

#32 Nuru_Innsbruck
Kiwango cha 3 Jumatano, kiwango cha 3 Alhamisi. Ndiyo maana nimechanganyikiwa, namba haikubadilika. Alikuwa anazisoma taarifa zaidi ya moja, maana Jamtalhütte iko jimbo la Tirol na Wiesbadener Hütte iko jimbo la Vorarlberg, na ng'ambo ya vilele ni Uswisi.

Njiani alitufunga kamba. Alikuwa na ramani kwenye kifaa cha setilaiti shingoni na dira mkononi, anasimama kila baada ya muda, anarusha mpira wa theluji mbele yake aone unapotua. Mara moja mpira ulitua kisha ukapotea. Akageuka kushoto bila kusema neno. Sikuwahi kumfuata mtu kwa utulivu kama ule, na sikuwahi kuogopa kama pale.

#33 Kibo5895
Alikuwa anapima kama mbele kuna ardhi. Akili hiyo.

Waithira, digrii za njia yenu nimezielewa, lakini mteremko ulio pembeni juu yenu unaweza kuwa wa 40 na ukawashukia mlipo kwenye tambarare. Kwenye ukungu huoni uko umbali gani nao. Kanuni yako inajibu nusu.

Nami nina wazo jingine, wala si la kumsema vibaya. Vitanda vilikuwa vimeshalipiwa Wiesbadener Alhamisi usiku. Föhn ilitabiriwa Ijumaa. Wasipovuka Alhamisi, wamefungiwa Jamtal na Piz Buin imekufa kabisa. Kuna siku kiongozi anachagua hatari ya leo anayoijua kwa sababu ya kesho asiyoitaka. Nimewahi kufanya hivyo, na sikuwaambia wageni.

#34 FundiSkii_Munich
Nakubaliana na Kibo kuhusu utabiri. Sikubaliani kuhusu vitanda.

#35 MzeeWaUpanga
Mimi nakubaliana kuhusu vitanda.

#36 Nuru_Innsbruck
Wakuu, naleta mrejesho. Juzi nilimwandikia kiongozi mwenyewe. Nilimwuliza yote: upepo, mstari wa vumbi, uchovu wetu, kuchelewa, mahakama, vitanda, föhn. Leo amejibu. Natafsiri:

"Nuru, yote hayo niliyafikiria, kila moja kidogo. Kama yangekuwa mawili tu, labda tungepanda. Na kabla sijachimba, ulisikia ile sauti? Mteremko ule sikuupenda."

Nimekaa na simu mkononi. Sauti ninaikumbuka sasa. Tulipokuwa tunavuka uwanda mdogo chini ya mteremko nilisikia mlio mzito, "vuum", kama lori limepita mbali. Nikajiambia ni ndege. Nilikuwa natazama kilele.

#37 FundiSkii_Munich
Ni tabaka legevu limeporomoka chini ya miguu yenu. Hewa inatoka, theluji nzima inashuka milimita chache. Kwenye tambarare inaishia hapo. Kwenye mteremko inaondoka nawe. Nikisikia sauti hiyo mimi sichimbi hata shimo.

#38 WaithiraZH
Lakini basi kwa nini alichimba? Na kwa nini hakuwaonya wale wa kundi la pili?

#39 Nuru_Innsbruck
Aliongea na kiongozi wao, kwa Kijerumani cha kwao cha mlimani, sikukishika chote. Yule alitikisa kichwa, akaonyesha kwa fimbo upande wa kulia wa mteremko, wakapita huko wakiachana mita nyingi, mmoja mmoja.

#40 Kibo5895
Viongozi wawili, mteremko mmoja, asubuhi moja. Mmoja anapanda kwa kulia, mwingine anarudi. Na wote wana beji. "Sikuupenda" ni jibu ninalowapa wageni wangu kila msimu, dada. Linawaudhi. Sina jingine.

#41 Baharia_Pemba
Umesema kweli, mwanangu.

#42 MzeeWaUpanga
Binti, mwakani unarudi?

#43 Nuru_Innsbruck
Narudi, mzee wangu. Machi mwishoni, kiongozi yuleyule, nimeshaweka malipo ya kwanza. Safari hii ngozi za kila mtu zitalala ndani ya koti, si kwenye chumba cha viatu.

#44 Bi_Mwanaidi
Mwanangu amesoma uzi wote, amenunua mafuta na miwani. Sasa anauliza viatu vya skii namba 46 anaweza kukodi wapi Innsbruck bila kuumia mfuko?

#45 FundiSkii_Munich
Asikodi kabla hajavijaribu kwa soksi moja nyembamba, na akae navyo nusu saa. Nitumie ujumbe, Bi Mwanaidi.